Usimshtukize Mtoto wa Kambi kwa Hema

"Yaya," ndivyo anavyoanza barua yake mdogo wangu mmoja wa Lexington, Kentucky, mama wa watoto watatu, mwaka wa saba sasa huko. Watoto wake kila wakirudi shule wana hadithi za wenzao: fulani kalala kwenye hema, fulani kaona kulungu alfajiri, fulani kachoma vile vitu vyeupe vitamu kwenye moto. Siku moja mezani akamwambia mumewe, "Na sisi twende kupiga kambi majira ya joto." Mume akaweka kijiko chini. Akasema, "Miaka kumi na minne nimelala kwenye hema bila kulipa senti moja. Leo unataka nilipe dola ili nilale tena?" Akainuka, akatoka nje.

Mdogo wangu ananiuliza mawili. La kwanza, Kentucky kuna nini cha kuona mtu akienda na hema. La pili, je, akate nafasi kimya kimya amshtukize mumewe siku yake ya kuzaliwa?

Nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hapana. Usithubutu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na kwetu Kigoma ukisema "yule anatoka kambini" hakuna anayeuliza alikwenda likizo wapi. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, neno kambi limebeba foleni ya maji, mgao wa unga, turubai linalopigwa na upepo usiku kucha, na kibali cha kutoka ambacho mtu mwingine ndiye mwenye kukitoa. Watoto wako neno hilohilo wamelikuta Marekani likiwa limevaa kaptura na kofia ya jua. Sasa mdogo wangu, baba yao hajakataa msitu. Amekataa turubai. Ukimfunga macho na kitambaa, ukamfungulia mbele ya hema jipya huku watoto wanapiga makofi, atacheka kwa ajili ya watoto na hatakusamehe.

Kuna jambo umeliandika kwa kupita tu, karibu na mwisho, kwamba baba mkwe wako alikuwa mvuvi wa mji wa Baraka, pale Fizi, Kongo, na mumeo akiwa mdogo alikuwa akipanda mtumbwi naye. Hilo ndilo ningeanza nalo barua. Usimwambie mwenzio "twende kambini". Mwambie kuna mto, na mwache aulize mwenyewe. Kentucky ina mito na mabwawa ya kumtosha. Mtu wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni ya uvuvi ya jimbo, inanunuliwa mtandaoni, na msimkaidi askari wa wanyamapori kwa kisingizio cha ugeni. Lakini Mto Green ukipita ndani ya hifadhi ya Mammoth Cave, humo mnavua bila leseni, ila kanuni zao za ndoano na chambo mzisome kwanza. Tayari una sababu ya kwenda ambayo haina neno hema ndani yake.

Na kama atakubali mto akatae hema, basi mkodi kibanda cha mbao. Mbuga nyingi za jimbo lile zina vibanda vya kukodi au hoteli zao wenyewe. Watoto wapige hema lao pale nje walale wao, baba alale kitandani na mlango wake na kufuli lake. Hakuna aliyeandika sheria kwamba familia lazima ilale chini ya kitambaa kimoja.

Usiku wa kwanza usiende mbali. Hapo Lexington kwenu kuna Kentucky Horse Park, bustani ya farasi, nayo ina kiwanja cha kupigia kambi chenye umeme, maji na mabafu. Farasi wenyewe wanatosha kuwashughulisha watoto mchana kutwa. Nakutuma huko kwa sababu moja tu: ikifika saa nane ya usiku mumeo akaona kifua kinabana, mnaingia garini mnarudi nyumbani, na kesho hakuna anayelitaja. Funguo za gari ziwe mfukoni mwake yeye. Nimeyaona haya kwa rafiki yangu mmoja. Usiku wake wa kwanza aliamka mara nne kutoka kulitazama gari tu, kisha akarudi kulala. Mara ya tano hakuamka, alilala mpaka asubuhi.

Mkishavuka usiku huo, ndipo muende Mammoth Cave.

Ni pango refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizopimwa zimepita maili 420, na wapimaji bado wanaingia humo wanarudi na nyongeza. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1941, UNESCO ikaliingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Kuingia hifadhini ni bure, mnacholipia ni ziara ya pango na kiwanja cha hema. Tiketi mkate mapema mtandaoni, maana mkifika mlangoni Jumamosi ya Julai mtaambiwa zimekwisha, na hapo utawaangalia watoto usoni mwenyewe. Chini humo baridi ni nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kiangazi na masika sawasawa, kwa hiyo sweta, na viatu vya kufunga. Bibi mwenye magoti mabovu asipelekwe ziara ndefu yenye mamia ya ngazi. Kuna fupi inayoitwa Frozen Niagara, inamfaa.

Halafu saa. Hapa nisikilizeni wote, si mdogo wangu peke yake. Lexington na Louisville ziko katika majira ya mashariki, Mammoth Cave iko katika majira ya kati, nyuma kwa saa moja. Mimi sikujua. Tiketi yetu ilisema 9:30 asubuhi. Niliwatoa watu kitandani usiku wa manane kwa makelele, nikaendesha huku nawagombeza, tukafika mapema hata mlango haujafunguliwa, tukakaa garini tunatafuna chapati baridi tukitazamana. Na hayo ni nusu ya aibu. Kwenye kundi letu la WhatsApp nilikuwa nimeandika "tukutane saa tatu na nusu". Mtoto wa mdogo wangu wa damu, kazaliwa hapahapa Marekani, akasoma tatu ni tatu. Akatokea saa tisa na nusu alasiri, kaoga, kanukia, anauliza, "Mama mkubwa, tumechelewa?" Tangu siku hiyo nikiandika saa kwa familia naiandika kwa tarakimu za tiketi, na majira nayaandika pembeni. Simu msiitegemee, maana mpakani pale inarukaruka kati ya majira mawili.

Sasa mkishaingia, muulizeni mwongozaji habari za Stephen Bishop. Asipozitaja mwenyewe, muulizeni.

Stephen aliletwa pale mwaka 1838, kijana wa miaka kama 17, mtumwa, aongoze wageni. Kazi aliyopewa ni kupita njia zilizokwisha kujulikana. Mwaka uleule akalaza ngazi juu ya shimo lililokuwa likiitwa Shimo Lisilo na Mwisho, shimo lililomsimamisha kila mtu kabla yake, akavuka na taa yake upande ambao hakuna mguu uliokuwa umefika katika zama zile. Huko mbele akakuta mito chini ya ardhi, na ndani ya mito samaki weupe wasio na macho. Mwaka 1842 alichora ramani ya pango zima kutoka kichwani, ramani iliyochapwa miaka michache baadaye na kutumika muda mrefu. Mabwana waliotoka Ulaya na miji mikubwa walimfuata nyuma humo gizani wakikanyaga alipokanyaga, kisha wakitoka juani yeye anarudi kuwa mali ya mtu. Aliachwa huru mwaka 1856. Akafa mwaka uliofuata.

Kwenye dari za humo kuna majina yameandikwa kwa moshi wa mishumaa. Mwongozaji wetu alimulika tochi juu, nikaona herufi nyeusi, nyingine zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, maana mtu aliandika shingo imerudi nyuma, nta ya moto inamdondokea. Jina la Stephen limo katika majina hayo. Na ukumbini karibu na mlango yapo mapipa ya mbao na mabomba yaliyotobolewa kwenye magogo, kazi ya watumwa waliochimba chumvi ya baruti wakati wa vita vya mwaka 1812. Mbao zenyewe zimekaa zaidi ya miaka 200, hazijaoza. Watoto wenu wanaofundishwa kwamba historia ya mtu mweusi Marekani ni shamba la pamba tu, wapelekeni hapo.

Jambo moja la kumwambia mumeo kabla hamjashuka: mara nyingine waongozaji huzima taa zote ili watu waonje giza la pango. Wengine hulifurahia. Aliyewahi kujificha gizani akiwa na sababu ya kujificha, huenda asilifurahie. Akijua kwamba linakuja na kwamba ni dakika chache, atakushika mkono. Asipojua, hujui atafanya nini. Kwa hoja hiyohiyo, msiende kokote na hema karibu na tarehe 4 Julai. Zile fataki Wamarekani wanazozipigia kelele za furaha, mimi najua nyumba ambazo baba hulala chini ya meza usiku huo.

Mkienda au mkirudi kwa njia ya Hodgenville, simameni nusu saa mahali alipozaliwa Abraham Lincoln mwaka 1809. Bure. Kuna jumba la mawe lenye ngazi 56, moja kwa kila mwaka wa umri wake, na kibanda cha magogo ndani ambacho, msije mkadanganyana, si chenyewe alichozaliwa. Nilichokipenda mimi ni chemchemi iliyo chini ya jumba, maji yanaingia kwenye jiwe yanapotea. Baada ya nusu saa mmemaliza.

Mashariki ndiko kwenye majabali. Natural Bridge, karibu na mji wa Slade, ni daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga, mvua na baridi vimelitoboa jabali mpaka likabaki tao. Mnaweza kupanda kwa miguu au kwa viti vya kamba, na mama mkwe mwenye kisukari akafika juu bila kutokwa jasho. Jirani yake ni Red River Gorge, yenye zaidi ya matao 100 ya namna hiyo, na hapo sauti yangu inabadilika. Majabali yale hayana ukuta wala kamba. Watu huanguka, tena vijana, tena usiku, wametoka kwenye hema kujisaidia tu. Mwenye watoto wadogo apige hema kwenye kiwanja rasmi, si msituni, na aende kuona matao mchana akiwa amemshika mtoto mkono, si kumwita kwa jina kutoka nyuma.

Na kuna dubu weusi. Chakula kinafungwa garini au kwenye sanduku la chuma, ni amri ya msitu ule. Mimi sijakutana na dubu, nimekutana na rakuni. Ni mnyama wa ukubwa wa paka mnene, ana barakoa nyeusi usoni kama jambazi wa filamu, na vidole vyake vinafungua kila kitu. Nilikuwa nimebeba dagaa wa Kigoma, waliotumwa na mama yangu kupitia kwa mtu, nikawafunga kwenye boksi la barafu nikaweka jiwe juu. Saa tisa usiku nasikia jiwe linasogezwa. Linasogezwa taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba. Nilipomulika walikuwa wawili, mmoja kashika kifuniko, mwenzake anachagua. Hawakukimbia. Walinitazama kama mimi ndiye mgeni niliyeingia bila kubisha.

Cumberland Falls nawashauri wote wenye subira. Ni maporomoko yenye upana wa futi 125 na kimo cha futi 68, yako jirani na Corbin. Usiku wa mwezi mpevu, pamoja na siku mbili kabla na mbili baada, anga likiwa safi, mwanga wa mwezi ukipiga kwenye ukungu wa maji unatokea upinde wa mvua wa usiku. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kule Zambezi nayo yanao. Mbuga hutoa ratiba ya tarehe zake, mkate nafasi kwa kuitazama hiyo. Nisiwadanganye lakini: msitegemee rangi saba. Nilipoufikia niliona utepe mweupe tu umepinda juu ya maji, mweupe wa maziwa, nikadhani ni moshi. Rangi zilitokea kwenye picha ya kamera iliyokaa wazi sekunde nyingi. Kwa macho matupu ni ule weupe, na kelele za maji, na watu kama mia wamesimama kwenye reli wakinong'ona kama wako kanisani. Mwanangu wa kiume alisema ni mzimu wa upinde. Kesho yake, hapo Corbin, tulikula kuku kwenye mkahawa wa zamani wa Sanders, yule mzee wa KFC, alipoanzia mapishi yake. Kuku ni kuku yuleyule. Watoto walimpenda kuliko maporomoko.

Land Between the Lakes, magharibi kabisa, ni mbali sana kwenu kwa safari ya kwanza. Mtakapozoea, nendeni mkaone baisani na elki kwenye uwanda wao, mnazunguka na gari lenu. Ujue tu kwamba wenyeji walihamishwa ili eneo lile liwe la kupumzikia watu, kama walivyohamishwa wa Mammoth Cave kabla yao, makaburi na makanisa yao yakabaki msituni. Mumeo ataliona hilo upesi kuliko mtu yeyote garini.

Naye ndiye wa kumpeleka Camp Nelson, lakini si sasa, na si kabla hujamweleza ni nini. Iko chini ya Nicholasville, karibu mno na kwenu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe zaidi ya wanaume weusi 10,000 waliingia jeshini hapo na kwa kuingia wakapata uhuru wao. Wake na watoto wao wakawafuata, wakajenga vibanda pembeni. Novemba 1864, kwenye baridi kali, jeshi lilelile likawapakia wanawake na watoto kama 400 kwenye magari ya kukokotwa, likawatoa nje, likachoma vibanda. Watu 102 walikufa. Kelele zilizopigwa zikafika Washington, wakimbizi wakajengewa makazi palepale, na Machi 1865 ikapita sheria ya kuwaachia huru wake na watoto wa askari. Leo ni uwanja mpana wa majani, upepo, na vibao vya maelezo. Nilipokwenda nilisoma kibao kimoja mpaka kwenye neno "wakimbizi", nikakaa chini kwenye nyasi. Siku mumeo akikuuliza mwenyewe, mwonyeshe njia.

Kwa sasa mpe Louisville. Muhammad Ali alizaliwa huko, amezikwa huko, na jumba lake la kumbukumbu lipo katikati ya mji. Mkongomani aliyefika Kentucky asisimame mbele ya picha za pambano la Kinshasa, Oktoba 1974, atakuwa na kesi ya kujibu kwa babu yake.

Yaliyobaki ni ya jikoni. Kuni nunueni hukohuko mnakolala, msibebe za nyumbani, zina wadudu wanaoua miti. Kupe wakaguliwe kila jioni, nyuma ya masikio na kiunoni. Mmea wenye majani matatu matatu usishikwe hata kama ni mzuri. Saa nne usiku ni kimya, na spika ya harusi ibaki nyumbani. Na lile ninalolisema kila mwaka na nitalirudia nikiwa nimelala kaburini: jiko la mkaa haliingii ndani ya hema. Si kwa dakika tano, si kwa kuwa mvua inanyesha, si kwa kuwa limebaki majivu. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu, inaua familia nzima ikiwa usingizini. Mvua ikija kuleni mkate na ndizi.

Ugali upikeni, mbona. Sufuria nzito, mwiko, jiko la gesi la kambi, nje. Majirani watakuja kuuliza ni kitu gani, na watoto wenu waliokuwa wanaona haya kula kwa mkono shuleni watakuwa ndio walimu wa jioni hiyo.

Mdogo wangu, akipata samaki kwenye Mto Green, niandikie urefu wake. Nitaugawa kwa mbili. Wavuvi wa Tanganyika nimekua nao, nawajua.